Mayai madogo, trei chache: kutafuta tatizo la amino asidi kwa kuku wa mayai Nyanda za Juu Kusini

Mfugaji wa Mbalizi, Mafinga au Makambako akilalamika kwamba mayai yamepungua, siku hizi ushauri wa kwanza anaopewa ni "ongeza methionini", moja ya amino asidi zinazojenga protini. Ushauri huo una ukweli ndani yake, lakini mara nyingi unatolewa kabla mtu hajauliza kuku wanakula nini, wanakula kiasi gani na wana umri gani. Pesa inatumika kwenye unga wa gharama wakati kilichokosekana kwenye chakula ni laisini, amino asidi nyingine, au hakuna kilichokosekana kabisa na shida yote iko kwenye maji. Hapa nimepanga malalamiko yanayojirudia zaidi huku kwetu. Kwa kila moja naanza na chanzo cha kawaida na ukaguzi usiogharimu kitu, ndipo tunaingia kwenye fomula.

Hesabu ya kuwa nayo kabla ya yote

Protini imejengwa na amino asidi. Kuku hatumii ile "asilimia 17 ya protini" iliyoandikwa kwenye mfuko. Anatumia amino asidi zilizomo, na kazi ya kutengeneza yai inaishia pale iliyo chache zaidi inapokwisha. Fundi cherehani mwenye kitambaa cha mashati kumi na vifungo vya mashati sita atatoa mashati sita tu. Kwa kuku, protini inayobaki inavunjwa na kutoka kwenye kinyesi ikiwa asidi ya yuriki. Umeilipia, kisha umeilaza kwenye maranda.

Yai la gramu 60 lina karibu gramu sita na nusu za protini, na ndani yake takriban nusu gramu ya laisini na gramu 0.2 za methionini. Kuku anahitaji zaidi ya hapo, kwa sababu mwili na manyoya navyo vinajengwa kila siku, na si kila anachokula kinaingia mwilini. Majedwali ya Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani ya mwaka 1994 yanampa kuku wa mayai ya kahawia anayekula gramu 110 kwa siku miligramu 760 za laisini na miligramu 330 za methionini. Miongozo ya mbegu za kisasa hutaka zaidi, kwa hiyo hesabu tarakimu hizi kuwa kiwango cha chini kabisa.

Sasa tazama mchanganyo wa kilo 100 ambao wengi hapa wanautumia: mahindi ya paraza kilo 50, pumba za mahindi 15, mashudu ya alizeti 24, dagaa 3, halafu kilo 8 za chokaa, mifupa, chumvi na premiksi (mchanganyiko wa vitamini na madini wa dukani). Kwa viwango vya kawaida vya malighafi hizo, kilo 100 zina takriban gramu 560 za laisini na gramu 310 za methionini. Kuku anayekula gramu 110 anapata miligramu 616 za laisini na karibu 340 za methionini. Methionini imefika kiwango. Laisini imepungua kwa karibu miligramu 145 kila siku, kwa kila kuku.

Ondoa alizeti na dagaa, weka soya: mahindi 58, pumba 10, mashudu ya soya 22, madini na premiksi 10. Hapo laisini inapanda hadi miligramu 850 hivi kwa siku, lakini methionini inashuka hadi karibu 285. Picha imegeuka. Ndiyo maana vitabu vingi, ambavyo vimeandikwa kwa nchi zinazolisha mahindi na soya, vinasema methionini ndiyo inayokwisha kwanza. Vinasema kweli kwa chakula cha kwao. Mfugaji wa Iringa anayelisha alizeti akifuata sentensi hiyo bila kupiga hesabu, anaongeza kile ambacho tayari anacho.

Kuna jambo la pili ambalo Nyanda za Juu linatuhusu kuliko watu wa Pwani. Kuku hula ili kupata nguvu ya kuutunza mwili, na baridi humfanya ale zaidi. Njombe iko karibu mita 1,900 na zaidi juu ya usawa wa bahari, na Mbeya mjini karibu 1,700. Teremka Kyela, ukingoni mwa Ziwa Nyasa, uko karibu mita 500 na joto linakubana. Chukua ule mchanganyo wa alizeti. Kuku wa Njombe mwezi Julai akila gramu 130 anapata miligramu 728 za laisini, karibu anatosheka. Kuku wa Kyela mwezi Novemba akila gramu 95 anapata 532. Mfuko ni uleule na fomula ni ileile, lakini mmoja anataga vizuri na mwingine analalamikiwa. Chakula kikinunuliwa Uyole kikapelekwa Kyela, asilimia zake zinapaswa kuwa juu zaidi.

Dalili ya 1: Mayai yamekuwa madogo, idadi bado si mbaya

Hii ndiyo dalili inayoelekeza kwenye amino asidi kuliko nyingine zote. Upungufu mdogo hupunguza uzito wa yai kwanza, na idadi hufuata upungufu ukizidi. Hata hivyo usiruke hatua.

Pima kwanza. Jicho linadanganya, hasa mteja akishakulalamikia. Kila wiki siku ileile, weka trei moja ya mayai 30 bila kuchagua kwenye mizani, toa uzito wa trei yenyewe. Mayai ya gramu 60 yatakupa kilo 1.8. Andika ukutani. Ukiona uzito unashuka wiki baada ya wiki, una tatizo la kweli.

Chanzo cha kawaida kuliko vyote ni umri na mwili wa kuku. Pulleti, yaani kuku jike mchanga, aliyeanza kutaga mapema akiwa na uzito mdogo hutoa mayai madogo kwa muda mrefu, na hakuna unga utakaoharakisha jambo hilo kwa wiki moja. Pima uzito wa kuku 20 hivi na ulinganishe na mwongozo wa mbegu yako. Kuku ambao ndio kwanza wanaanza kutaga, waache wakue. Mayai yataongezeka uzito yenyewe.

Cha pili ni kula kidogo. Kwa siku tatu, pima chakula unachoweka na kinachobaki, gawa kwa idadi ya kuku. Chini ya gramu 100 kwa kuku wa kahawia anayetaga, tafuta kwa nini hali: vilishio vichache, wanyonge kusukumwa, chakula chenye ukungu, joto, au unga uliosagwa laini mno hadi unabaki chini ya kilishio. Maji nayo ni muhimu sana. Kuku hunywa takriban mara mbili ya uzito wa anachokula, na asiyekunywa hali. Asubuhi za Juni na Julai kule Makete na Njombe maji yanakuwa ya barafu, na kuku wanakaa hadi jua lipande. Kumwaga maji ya usiku na kuweka mapya saa moja asubuhi kunarudisha ulaji bila kugusa fomula.

Cha tatu ndicho mchanganyo wenyewe. Kama kuku wana umri sahihi na wanakula vizuri, chukua karatasi ya fomula yako na uipitie hivi:

Unatumia alizeti kama chanzo kikuu cha protini? Shuku laisini. Kagua na mashudu yenyewe. Mashine nyingi ndogo zinakamua mbegu pamoja na maganda, kwa hiyo mashudu yanakuwa na nyuzi nyingi na protini pungufu kuliko unavyodhani. Yakiwa meusi na yana harufu ya kuungua, joto la kukamulia limeshaharibu sehemu ya laisini; ipo kwenye vipimo lakini kuku haimfikii.

Unatumia soya? Shuku methionini. Lakini uliza kwanza kama soya imekaangwa. Songea, Njombe na Mbeya soya inapatikana shambani, na baadhi yetu tunaisaga mbichi. Soya mbichi ina kizuizi cha usagaji wa protini tumboni. Kuku anakula protini nyingi na anataga kama mwenye njaa, na kuongeza amino asidi juu ya soya mbichi ni kumwaga maji kwenye gunia. Kaanga kwa moto wa wastani, huku ukikoroga, hadi maganda yapasuke na harufu ya ubichi iishe, bila kuunguza.

Unategemea dagaa? Chukua kijiko cha dagaa waliosagwa, kitie kwenye glasi ya maji, koroga, subiri. Mchanga utatua chini na utaona umeulipia kwa bei ya protini. Ukionja chumvi kali, punguza chumvi kwenye fomula, vinginevyo kuku watakunywa kupita kiasi na banda litalowa.

Ukishajua kinachokosekana, rekebisha hicho tu. Kwa ule mchanganyo wa alizeti, pengo la laisini ni gramu 130 hivi kwa kila kilo 100. Laisini inayouzwa kwa mifugo kwa kawaida ni laisini hidrokloridi, ambayo ina asilimia 78 ya laisini yenyewe, kwa hiyo unahitaji takriban gramu 170 kwa kilo 100 za chakula. Njia nyingine ni kuongeza dagaa safi kilo 3 na kupunguza pumba kilo 3. Inakupa karibu laisini ileile, na methionini kidogo juu yake. Linganisha bei za siku hiyo sokoni. Dagaa wakiwa bei ya chini, sioni sababu ya kununua unga wa dukani. Wakipanda bei, au wakiwa wamejaa mchanga, unga unashinda.

Kwa mchanganyo wa soya, pengo la methionini hadi kufika kiwango cha chini ni gramu 40 hivi kwa kilo 100. Waandaaji wa chakula huweka zaidi ya hapo, kwa sababu kuku wa kisasa wanataga zaidi ya wale wa mwaka 1994. Fuata mwongozo wa mbegu yako, usifuate kipimo cha jirani anayelisha kitu kingine.

Baada ya kurekebisha, toa wiki mbili hadi tatu kabla ya kuhukumu. Kiini cha yai hukua kwa kasi katika siku kama kumi za mwisho, kwa hiyo yai utakaloliokota kesho lilianza kujengwa kwa chakula cha zamani.

Dalili ya 2: Idadi ya mayai imeshuka

Swali moja linatenganisha mengi: imeshuka kwa siku ngapi?

Imeshuka ghafla, ndani ya siku mbili au tatu. Hiyo haina sura ya upungufu wa amino asidi. Anza na maji: bomba limeziba, tangi limekauka, vinyweshi vimegeuzwa. Kuku aliyekosa maji siku moja hupunguza kutaga kwa siku nyingi zinazofuata. Halafu uliza kama chakula kimebadilishwa ghafla, kama kuku wamehamishwa, wamechanjwa au wametishwa na mbwa usiku. Kisha angalia ugonjwa.

Simama hapa na umwite mtaalamu wa mifugo wa kata ukiona lolote kati ya haya: kuku kadhaa wamekufa ndani ya siku chache, kinyesi cha kijani, kukohoa na kukoroma, shingo kupinda, mabawa kulegea, uso kuvimba, au mayai yenye ganda laini na umbo la ajabu yakitokea mengi kwa pamoja. Mdondo, ugonjwa wa virusi, unaweza kufanya yote haya, na si huo peke yake. Usipasue kuku waliokufa kwa wingi, usiwauze wagonjwa mnadani, usimpe mtu akachinje. Usianze kuchanganya antibiotiki kwenye maji kwa kubahatisha: mabaki yake yanaingia kwenye mayai unayouza, na dawa za bakteria haziui virusi. Kwa mdondo hakuna tiba, kuna chanjo. Wanaotumia ile ya I-2 ya matone ya jicho hurudia kila baada ya miezi mitatu.

Imeshuka polepole, wiki tatu, nne, sita, na kuku wanaonekana wazima. Hapa kuna mambo manne, kwa mpangilio huu.

Umri. Kuku wa kisasa hufikia kilele karibu wiki ya 25 hadi ya 30, kisha huteremka taratibu. Kuku wa wiki 75 akishuka, anafuata kalenda yake.

Mwanga. Kuku anayetaga anahitaji mwanga wa saa 14 hadi 16 kwa siku. Mbeya mwezi Juni mchana ni kama saa 11 na nusu tu, na ukungu wa Tukuyu au Mufindi unapunguza mwanga ndani ya banda hata zaidi. Taa ndogo ya alfajiri na jioni, ikiongezwa nusu saa kila wiki, hufanya kazi ambayo hakuna amino asidi inayoweza kuifanya. Chagua saa na uzishike kila siku.

Wadudu na minyoo. Ingia bandani usiku na tochi, chungulia kwenye nyufa za mbao na chini ya vichanja. Utitiri mwekundu hujificha mchana na kunyonya damu usiku. Mabanda yetu ya mabanzi yana nyufa za kutosha kuuficha. Kishungi kikiwa kimepauka, shuku huo kabla ya chakula.

Chakula, mwisho. Kama uzito wa trei nao umeshuka pamoja na idadi, rudi kwenye Dalili ya 1 na upige hesabu. Kama mayai yamebaki na uzito wake mzuri na idadi peke yake imeshuka, amino asidi haipo juu kwenye orodha yangu ya watuhumiwa. Angalia badala yake mahindi yenye ukungu. Mahindi yanayovunwa huku Mei na Juni, yakipakiwa na unyevu, huota ukungu ndani ya gunia, na sumu zake huharibu ini, mahali ambapo protini na mafuta ya kiini hutengenezwa. Ukisikia harufu ya uvundo au kuona punje za kijani na nyeusi, usiyalishe na usiyachanganye na mazuri ili yaishe.

Dalili ya 3: Kuku wanadonoana, migongo iko wazi

Manyoya yanahitaji amino asidi zenye salfa, methionini na sistini, kwa hiyo dukani jibu linakuja haraka. Kwa kawaida chanzo kiko kwenye banda: kuku wamebanana kupita watano au sita kwa mita moja ya mraba, jua kali linaingia moja kwa moja, viota ni vichache hivyo kuku anatagia wazi na nyuma yake nyekundu inadonolewa, au vilishio havitoshi. Baada ya hapo tafuta utitiri na chawa. Kisha chumvi: fomula isiyo na chumvi kabisa huwafanya wadonoane, na kiwango cha kawaida ni gramu 250 hadi 300 kwa kilo 100, ukihesabu na chumvi ya dagaa.

Haya yote yakiwa sawa ndipo ushuku methionini, hasa kwa mchanganyo wa soya. Ishara inayounga mkono ni manyoya mapya kuota polepole na kukatika kwa urahisi, hata kwa kuku ambao hawadonolewi.

Mtenge aliyejeruhiwa leo hii, usisubiri fomula. Damu huwaita wengine na kuku huliwa akiwa hai. Kukata midomo si kazi ya kujifunzia kwa kisu cha jikoni. Mwachie mtaalamu mwenye kifaa. Na ujue kwamba kuku aliyenyonyoka katika baridi ya Njombe anakula zaidi ili kujipasha moto, kwa hiyo gharama ya chakula itapanda hata kama mayai hayajashuka.

Dalili ya 4: Nimeongeza amino asidi na hakuna kilichobadilika, au kuku wamekataa chakula

Kagua ulichonunua. Tia kijiko cha laisini kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu: huyeyuka karibu yote. Methionini huyeyuka taratibu zaidi, na ina harufu ya salfa. Kinachobaki chini kikiwa cheupe, kidondoshee maji ya ndimu. Kikitoa povu, umeuziwa chokaa ndani yake. Nunua kwenye mfuko wenye jina la mtengenezaji, asilimia na tarehe. Unga uliopimwa kwenye nailoni isiyo na maandishi huwezi kuupigia hesabu.

Kagua ulivyochanganya. Gramu 170 kwenye kilo 100 ni kitu kidogo sana, na koleo mbili tatu haziwezi kuzisambaza. Pima kwa mizani ya gramu, kijiko hakifai. Changanya gramu hizo na kilo moja ya pumba laini hadi rangi iwe moja, ongeza kilo tano, ongeza kumi, kisha mwaga taratibu kwenye mchanganyo mkubwa na ugeuze hadi uridhike, kisha ugeuze tena. Kama unapeleka kwenye mashine, mpe fundi ule mchanganyo wa awali wa kilo kumi na tano badala ya kumpa kimfuko cha gramu.

Kagua kiasi. Zaidi si bora. Kati ya amino asidi zote, methionini ndiyo inayomdhuru kuku haraka ikizidi: anapunguza kula na uzito wake unashuka. Laisini ikizidi sana hugombana na ajinini, amino asidi nyingine anayoihitaji. Kama umeweka mara mbili au tatu ya kipimo na kuku wameacha kula, ondoa chakula hicho, rudisha cha kawaida, na usijaribu kusahihisha kwa kuongeza kitu kingine juu yake.

Kagua kama kuna kingine kinachokosa. Ukishaziba laisini, inayofuata kuwa chache inaweza kuwa threonini, triptofani au valini. Mahindi ni maskini wa triptofani. Ndiyo sababu napendelea kuchanganya vyanzo, soya na alizeti na dagaa kidogo, badala ya kutegemea kimoja na kukiwekea viraka. Alizeti na soya zinafaana: soya inaleta laisini, alizeti inasaidia kwenye methionini.

Dalili ya 5: Banda linanuka, macho yanawasha

Vyanzo vya kwanza ni vinyweshi vinavyovuja, kisha chumvi nyingi, kisha minyoo na koksidia (vimelea vya utumbo vinavyoharisha). Chanzo cha nne ndicho kinachotuhusu: protini nyingi isiyo na uwiano. Mfugaji akiona mayai madogo anaongeza mashudu, protini inapanda hadi asilimia 19 au 20, laisini bado haitoshi, na ziada inageuka asidi ya yuriki, kisha amonia. Mwezi Julai, madirisha yamezibwa kwa viroba kwa ajili ya baridi, hewa hiyo inaunguza macho ya kuku na yako. Protini ya asilimia 16 iliyosawazishwa kwa gramu chache za amino asidi inaweza kumtosha kuku anayekula vizuri, na maranda ya Mafinga yanakaa makavu muda mrefu zaidi. Fungua sehemu ya juu ya dirisha hata wakati wa baridi. Macho ya kuku yakivimba au yakitoa machozi na usaha, mwite mtaalamu.

Dalili ya 6: Kuku mnene, anayetaga, anakutwa amekufa

Mahindi mengi na protini duni hujaza mafuta kwenye ini hadi linapasuka na kuvuja damu. Methionini na kolini, kirutubisho kingine, husaidia kuyaondoa mafuta hayo, lakini hatua ya kwanza ni kupunguza mahindi na kurudisha uwiano wa fomula. Kuku mmoja aliyekufa hivi apelekwe kwa mtaalamu akapasuliwe. Ini la manjano linalomeng'enyeka litatoa jibu, na magonjwa mengine mengi yanaua ghafla vilevile.

Ganda laini, kiini cheupe

Haya hayatoki kwenye amino asidi. Ganda linadai kalisi, karibu gramu 4 kwa siku, pamoja na vitamini D. Uhusiano uliopo ni mmoja: kuku mzee akilishwa methionini nyingi anataga yai kubwa kwa kalisi ileile, na ganda linakuwa jembamba. Ukivunjikiwa na mayai mengi kwa kuku wa zaidi ya wiki 60, punguza methionini taratibu hadi kiwango cha kawaida badala ya kuongeza. Kiini cheupe kinatokana na mahindi meupe tunayolima. Majani mabichi au mahindi ya njano yatakirudishia rangi. Kiini chenye ukijani kwa kuku wanaolishwa mashudu ya pamba kinaweza kutokana na mashudu hayo.

Ukifika mwisho wa uwezo wako

Kama umepima trei, umepima ulaji, umekagua malighafi, umerekebisha na wiki tatu zimepita bila nafuu, acha kubadilisha vitu. Kila badiliko jipya linafuta ushahidi. Zungumza na mtaalamu wa mifugo wa kata. Kwa uchunguzi wa ugonjwa, Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania ina kituo chake cha kanda Iringa. Kwa chakula, maabara ya lishe ya mifugo ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, hupima protini, nyuzi na madini.

Chukua chakula kutoka mifuko mitano au zaidi, juu, katikati na chini, changanya, toa kilo moja, funga kwenye mfuko mkavu. Chukua na sampuli ya mashudu peke yake, maana hapo ndipo mabadiliko makubwa hutokea kati ya mzigo mmoja na mwingine. Kwenye karatasi andika fomula kamili kwa kilo, tarehe ya kuchanganya, umri wa kuku, idadi yao, gramu wanazokula kwa siku, na uzito wa trei kwa wiki nne zilizopita.